Kibao cha Geti la Saba

Fundi Bomba aliletwa chumba cha mahojiano saa mbili na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, miguuni kavaa kandambili zisizojuana, moja kubwa na moja ya mtoto. Viatu vyake vilikuwa vimechukuliwa kuwa vielelezo. Sajini wa upelelezi alimwonyesha kiti, akavaa miwani, akafungua faili.

"Umekula?"

"Nimekula maneno, afande. Tangu Jumanne napewa maneno tu."

"Leo nauliza mimi, na mimi sipigi meza. Anzia Jumatatu jioni."

"Nimeshaanza mara sita."

"Basi hii ya saba ianze vizuri."

Fundi alijifuta uso. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, viganja vipana, gundi ya mabomba imeganda kwenye kucha. "Bi Cherehani aliniita wiki iliyopita, sinki la jikoni linavuja. Jumatatu nikafika kama saa kumi na moja jioni. Geti lina kufuli, tena limefungwa kwa ndani. Nikagonga kwa spana. Nikaita, 'Bibi, ni mimi mtoto wako wa mabomba.' Kimya. Nikaangalia kibao, kijani. Nikasema basi yupo, mzima, kaninunia tu, maana nilimwahidi Ijumaa na sikutokea. Nikaenda zangu."

"Hukuzunguka nyuma?"

"Nizunguke nyuma ya nyumba ya bibi wa watu kutafuta nini?"

"Nondo za dirisha la jikoni zimekatwa kwa msumeno wa chuma. Kwenye mfuko wako kuna msumeno wa chuma."

"Na daktari ana kisu, afande. Kila anayechomwa kisu mtamkamata daktari?"

Sajini aliandika. Hakucheka. "Jumamosi usiku ulikuwa wapi?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. "Hilo hajaniuliza mtu. Nilikuwa wodi ya wazazi. Mke wangu alijifungua alfajiri ya Jumapili. Nililala kwenye benchi la mlangoni. Muulize mlinzi wa pale, nilimwomba blanketi akaninyima."

"Mtoto gani?"

"Wa kike. Nimekaa naye siku mbili."

Sajini alifunga kalamu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mtaa ule ulikuwa na mageti kumi na mawili na sifa moja kubwa, kwamba majirani wanalindana. Kila geti lilikuwa na kibao kilichofungwa kwa kamba kwenye nondo, upande mmoja chekundu, upande wa pili kijani. Usiku mwenye nyumba hugeuza wekundu, yaani tumelala. Asubuhi hugeuza kijani, yaani tumeamka salama. Saa tatu ikifika na kibao bado ni chekundu, kiongozi wa ulinzi wa mtaa hugonga, na asipoitikiwa huita polisi. Kituo kiliupenda sana mpango huo. Wageni waliletwa kuutazama kama watu wanaopelekwa kuona daraja jipya.

Bi Cherehani, mshonaji wa miaka sabini na moja, aliishi peke yake geti la saba. Jumanne asubuhi jirani wa geti la nane alipanda kurekebisha tangi lake la maji, akaona nondo za dirisha la jikoni la bibi zimepinda. Walimkuta sakafuni kando ya meza ya kushonea, kichwa kimepasuka, ameshakufa. Cherehani yake ya umeme na simu yake vilikuwa vimechukuliwa. Kibao chake kilikuwa kijani. Kilikuwa kijani Jumatatu pia, na Jumapili pia, na mtaa mzima ulikiona. Kwa hiyo, polisi walisema, mpaka Jumatatu bibi alikuwa anaamka. Na Jumatatu aliyeonekana getini kwake alikuwa mtu mmoja tu, mwenye mfuko wa vyuma.

Mkuu wa upelelezi aliingiza kichwa mlangoni Fundi alipokuwa anatolewa. "Faili liende kwa mwendesha mashtaka kesho saa mbili."

"Mkuu, taa ya chumba cha kushonea ilikutwa inawaka."

"Hata Jumatatu usiku kulikuwa na giza."

"Na geti lilikuwa bado na kufuli la usiku. Kama aliamka akageuza kibao, mbona hakufungua kufuli?"

"Wazee wanafunga tena. Sajini, maiti haigeuzi kibao. Niletee mtu aliyekigeuza, au niache nifunge faili."

Sajini alianzia wodi ya wazazi. Kitabu cha wodi kilikuwa na jina la mke wa Fundi, ameingia Jumamosi saa nane mchana, ametoka Jumapili saa sita. Mlinzi wa mlangoni alikuwa yuleyule.

"Yule wa blanketi?" alisema. "Alikoroma hapa usiku kucha kama jenereta. Mwenye kuzaa alikuwa kimya kuliko yeye."

"Hakutoka?"

"Atoke vipi? Geti nafunga mimi saa tatu usiku, nafungua saa kumi na mbili."

Ng'ambo ya uwanja wa hospitali ileile ndiko kulikokuwa na chumba cha maiti. Daktari alikuwa ananawa.

"Nimeshaandika, amekufa Jumatatu," alisema kabla ya salamu. "Asubuhi au jioni, siwezi kuapa."

"Na jeraha?"

"Jeraha mimi naliona ni la zamani kuliko kifo. Damu ilivuja ndani ya kichwa polepole, mwili nao ulikuwa umekauka maji. Kwa macho yangu huyu mama alilala pale siku nzima, pengine zaidi. Lakini mlinijia na kibao chenu cha kijani, mkaniambia Jumatatu asubuhi alikuwa mzima. Wakili ataniuliza, utasema nini? Nitayumba. Nithibitishie kwamba Jumapili hakuamka, niandike bila kutikisika."

"Angeletwa Jumapili asubuhi?"

Daktari alikausha kidole kimoja kimoja. "Tungejaribu, afande. Wengine kama yeye huwa wanatembea wakarudi kwao."

Saa tano Sajini alikuwa mtaani. Jua lilikuwa kali na vibao vyote kumi na viwili vilikuwa kijani, hata kile cha marehemu. Geti la tatu alimkuta Mama Pacha akianika nguo, na pacha wake wawili wamevaa sare za shule zilizopauka.

"Marehemu alikuwa na sare zako?"

"Nane. Nne za kila mmoja. Aliniambia Jumapili saa kumi nije nichukue. Nikaenda. Geti limefungwa. Nikagonga mpaka vidole vikauma."

"Ukafikiri nini?"

Mama Pacha aliuma kibanio cha nguo, akakitoa. "Afande, wewe umewahi kupeleka nguo kwa fundi? Fundi wa nguo hana leo, ana kesho kutwa. Akiwa hajamaliza, anajificha. Kibao kijani, taa naiona kwa pazia inawaka, mtu haitiki. Nikajua kajificha."

"Ukasema nini?"

"Lazima niseme?"

"Nitaandika tu ulichosema."

"Nilisema, 'Jifiche vizuri bibi, utatoka tu, njaa haina kibao.'" Aligeukia kamba yake, akaanza kuhamisha nguo ambayo tayari ilikuwa imeanikwa. "Nilisema kwa sauti. Nilitaka asikie."

Wewe unayesoma haya na una mzazi anayelala peke yake, elewa jambo hili moja: mtu mzima anayejificha na mtu anayekufa, ukiwa nje ya geti, kimya chao ni kilekile.

Geti la nane alikaa mzee aliyekuwa akiendesha malori, na mpaka leo wanamwita Dereva. Ndiye aliyeona nondo zilizopinda. Alimkaribisha Sajini kwenye kiti cha gari alichokipachika kibarazani.

"Jumapili uliona kibao cha saba saa ngapi?"

"Saa moja na nusu nilitoka kununua mkate. Kilikuwa chekundu. Nikashangaa kidogo, maana huyu bibi alikuwa wa kwanza siku zote. Mimi nikiamka na jogoo, yeye kaamka na yai. Nikarudi saa tatu kasoro, nikakuta kijani. Nikasema ameshaamka."

"Mbona hayo hayamo kwenye maelezo yako?"

"Kijana wenu aliniuliza, 'Jumapili kilikuwa kijani?' Nikajibu ndiyo. Kilikuwa kijani. Kuulizwa ni kama kona ya barabara, unakwenda inakokupeleka."

Sajini alipekua daftari lake. "Mwezi uliopita ulisafiri?"

"Msibani. Siku nne."

"Kwenye orodha ya ulinzi inayoletwa kituoni, geti lako lina alama ya kijani siku zote nne."

Mzee alicheka kidogo. "Ah, hiyo ni kazi ya Mama Ulinzi, kiongozi wetu. Hutugeuzia. Ukichelewa, ukisafiri, ukisahau, anapita anaingiza mkono anageuza. Ni mtu mwema sana. Hataki mtaa ukose."

"Huwageuzia wote?"

"Wote. Isipokuwa bibi wa saba, huyo hakuwahi kuhitaji."

Alisema hivyo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Akainama kutazama mikono yake.

"Afande," alisema, "mimi sijasema kitu."

"Umesema. Tia saini hapa."

Nyumbani kwa marehemu mlango ulikuwa wazi. Binti yake, mwanamke wa miaka arobaini aliyesafiri siku nzima kuja kuzika, alikuwa ameketi peke yake chumba cha kushonea, akisubiri mwili utolewe. Juu ya meza zilikuwa sare sita zimekunjwa, vifungo vimetazama upande mmoja. Ya saba ilikuwa imepindwa pindo nusu, sindano imebaki kwenye kitambaa. Ya nane ilikuwa bado vipande.

"Mama yako alikuwa na kawaida ya kuchelewesha nguo?"

"Mama?" Binti alitikisa kichwa. "Mama akikuahidi saa kumi, saa tisa anakupigia kukuuliza uko wapi. Hizi mbili angezimaliza Jumamosi usiku hata kwa mshumaa."

"Ulizungumza naye lini mwisho?"

"Jumamosi, saa mbili usiku. Jumapili napiga, simu imezimwa. Asubuhi imezimwa, mchana imezimwa. Pale kituoni niliwaeleza, wakasema wazee wanasahau kuchaji."

"Ukafanya nini?"

"Jioni nikampigia Mama Ulinzi. Namba yake mama alinipa, akisema, 'Ukinikosa mimi mpigie huyu, huyu ndiye ndugu yangu wa karibu.' Nikamwambia, mama shikamoo, nina wasiwasi na mama yangu. Akaniambia ngoja nimwangalie. Nikasikia anatembea. Akarudi akasema, 'Mwanangu, usijisumbue, kibao chake kijani, mama yako mzima.' Nikamshukuru. Nikalala." Alinyanyua ile sare ya saba, akairudisha palepale. "Nililala vizuri sana siku ile."

Sajini alimwomba aangalie saa ya simu hiyo kwenye simu yake, akaiandika. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika nane, Jumapili.

Nyumba ya Mama Ulinzi ilikuwa geti la kwanza, ukitazama kwa dirisha unaona mageti yote mpaka mwisho wa mtaa. Alikuwa mjane wa miaka sitini, filimbi shingoni, sauti ya mtu aliyezoea kuhesabu watoto kwenye mstari. Ukutani palikuwa na barua ya pongezi ya kituo, ndani ya fremu.

"Afande, karibu. Mmemfikisha mahakamani yule mshenzi?"

"Kesho. Naomba kuona daftari la ulinzi."

Alilitoa kabatini kwa mikono miwili. Kila ukurasa siku, kila geti alama, saa imeandikwa. Sajini alifungua polepole.

"Siku ngapi mtaa haujakosa?"

"Jumanne ingekuwa mia mbili na kumi na moja."

"Mia mbili na kumi bila geti hata moja kuwa jekundu saa tatu?"

"Bila hata moja."

"Dereva alikuwa msibani siku nne."

Mama Ulinzi alirekebisha kitambaa cha meza. "Nilimgeuzia. Nilijua alipo. Kibao kinaonyesha mtu yuko salama, na yeye alikuwa salama."

"Geti la tano, mwenye nyumba alilazwa."

"Nalo nilijua."

"Na la saba, Jumapili?"

Nje mtoto aliburuta fimbo kwenye nondo za mageti, moja baada ya lingine, mpaka sauti ikaisha.

"La saba lilikuwa kijani," Mama Ulinzi alisema.

"Saa moja na nusu lilikuwa jekundu. Nina saini ya aliyeliona. Saa tatu kasoro lilikuwa kijani, na kufuli la usiku halijaguswa. Mwenye nyumba angegeuza angefungua. Mtu wa nje angeingiza mkono. Jumapili saa tatu kulikuwa na nini hapa mtaani?"

"Unajua kulikuwa na nini. Ninyi ndio mlioleta wageni."

"Mkuu wa polisi wa wilaya na watu wa mitaa mingine minne. Nataka uniambie wewe."

Mama Ulinzi alikaa. Alipoanza, alisema haraka, kama anayetema kitu cha moto. "Nilipita saa mbili na nusu, yote kijani, la saba jekundu. Nikasema atakuwa ameshona usiku, ana sare za watu, kachoka, mwache alale. Gari lilikuwa linaingia. Walikuwa wanashuka, afande. Nikaingiza mkono nikageuza. Nikasema nitarudi nigonge wakiondoka."

"Ulirudi?"

"Walikaa mpaka saa saba. Walikunywa chai, walipiga picha."

"Jumatatu asubuhi uligeuza tena?"

"Hapana. Jumatatu kilikuwa kijani chenyewe. Naapa, sikukigusa."

"Usiku wa Jumapili nani angekirudisha kwenye wekundu?"

Mama Ulinzi alitazama dirishani, kuelekea geti la saba.

"Mwenye kukirudisha alikuwa sakafuni," Sajini alisema. "Ulikigeuza mara moja, kikabaki hapohapo siku mbili. Na doria yenu ya usiku haiangalii vibao, inaangalia wezi. Sasa niambie simu ya binti yake."

"Alinipigia jioni. Niliinuka, nikachungulia dirisha hili. Nikaona kijani."

"Uliona kijani chako mwenyewe."

"Nilikuwa nimesahau." Alishika filimbi kwa mkono wote. "Nitakuapia kwa kitu gani, nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile pilikapilika, wageni, vikombe. Nilitazama, nikaona kijani, moyo ukatulia. Nilimwambia yule mtoto kitu nilichoamini."

Sajini alitoa karatasi ya maelezo, akaandika ukurasa mmoja na nusu, akamsomea taratibu. Mama Ulinzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Andika kiligeuzwa na mtu asiyejulikana."

"Mtu asiyejulikana hatii saini. Bila saini daktari hawezi kuandika kwamba alipigwa Jumamosi, na bila Jumamosi kuna mtu kesho anapanda kizimbani kwa kuua, ana mtoto wa siku tano."

"Huyo Fundi nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona anagonga. Katika mtaa mzima, tangu Jumapili mpaka Jumanne, waliogonga geti lile ni wawili tu, Mama Pacha na yeye. Tumemfunga mmoja wao."

"Mtaa utanitafuna."

"Pengine."

"Nimeulinda miaka mitatu. Kabla yangu waliibiwa kila mwezi. Kuku, redio, taa za nje. Nani aliwaamsha? Nani alitembea na mvua? Leo nitaitwa nani?"

Sajini aliweka kalamu juu ya karatasi, akaisogeza. Mama Ulinzi aliichukua, akatia saini chini ya kila ukurasa, na mahali alipokosea herufi akakata, akaandika tena.

"Ningegonga," aliuliza bila kuinua kichwa, "angepona?"

"Daktari amesema wangejaribu."

Sajini alitoka kibarazani kupiga simu. Mkuu alisikiliza, kisha akauliza kama barua ya pongezi bado iko ukutani.

"Ipo."

"Ichukue."

"Si kielelezo, Mkuu."

"Basi mtoe huyo Fundi. Na aliyefanya?"

"Alipanda ukuta wa nyuma Jumamosi baada ya saa mbili usiku. Aliona taa ya mtu anayeshona. Zaidi ya hapo sina kitu. Ameshatutangulia siku tano, na tatu kati ya hizo tulimpa sisi."

Mkuu alikata simu. Mama Ulinzi alikuwa amesimama nyuma yake, amevua filimbi, hajui aiweke wapi.

"Yule mtoto wa marehemu," alisema. "Utamwambia wewe?"

"Yatasomwa mahakamani siku mwizi akipatikana. Kama atapatikana."

"Na asipopatikana?"

"Yatakaa kwenye faili. Mimi sitamwambia."

Mama Ulinzi alitazama mtaa. Angeweza kurudi ndani, na Sajini alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye gari. Aliposikia geti la kwanza likilia, Sajini alisimama. Mama Ulinzi alikuwa anashuka barabara katikati ya jua, polepole, akipita geti la pili, la tatu, la nne, bila kutazama kibao hata kimoja. Alifika la saba. Akagonga, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Binti alitoka. Alipomwona ni nani, uso ulimlegea kwa faraja. Akapiga goti kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema, akarudi ndani haraka, akatoka na kiti kimoja, kile alichokuwa amekalia mwenyewe, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. "Karibu ukae, mama yangu. Wewe ndiye pekee niliyebaki naye hapa."